UZI: Tripodi, miguu mitatu iliyotuletea sura za wazee wetu

Mleta uzi (Uyole, Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Huku baridi limeshaanza, nimekaa karibu na jiko la mkaa nikaona leo nilete hili jambo mana limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita tulipomzika bamdogo wangu.

Bamdogo alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa Mwanjelwa enzi za mikanda, kabla hata soko halijaungua. Alikuwa na Yashica ile ya lenzi mbili unayochungulia kwa juu, mkanda mmoja unatoa picha 12 za mraba basi, kwahiyo kila akibonyeza anajua ametumia hela. Baada ya matanga tukaingia stoo kutoa vitu, nyuma ya magunia nikakuta tripodi yake ya mbao imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, iko imara kabisa. Nikaifuta vumbi. Kwenye kila mguu kuna mikato mitatu ya kisu, na ule wa kati umelika mpaka mbao inang'aa kama mpini wa jembe.

Nikamuuliza mamdogo hii mikato ni ya nini. Akasema wa chini ni wa mama aliyekaa amepakata mtoto, wa kati ni wa mtu aliyekaa kwenye stuli, wa juu ni wa mtu aliyesimama. Mteja akiingia bamdogo anamwangalia tu mara moja, anavuta miguu mpaka kwenye mkato wake, anakaza, hapimi tena. Na huo wa kati umelika kwasababu ya picha za pasipoti, watoto wa shule na watu wa vitambulisho, miaka nenda miaka rudi.

Mimi napiga picha za harusi na sendofu mwaka wa 11 huu na kwa muda mrefu tripodi nimeiona ni mzigo wa kubeba kwenye bodaboda. Ile mbao ilinifanya nianze kusoma na kuulizia, na kadri nilivyosoma nikaona bila kitu cha kuishikilia kamera itulie hii kazi yetu isingekuwepo.

Angalieni mwanzo wake. Mfaransa mmoja Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827, aliweka kamera dirishani kwake kijijini akaiacha hapo. Siyo dakika, ni masaa, wengi wanasema masaa 8 na wapo wanaosema ilikuwa siku kadhaa. Mkono gani utakaa hivyo? Alafu mwaka 1838 Mfaransa mwenzake, Daguerre, naye akapiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirisha la juu. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi lakini kwenye picha hakuna mtu, tupu kabisa, mana muda wa kupokea mwanga ulikuwa dakika kadhaa na kila aliyetembea alifutika. Amebaki mtu mmoja tu pembeni kule, amesimama kaweka mguu anang'arishiwa viatu. Alitulia, ndo maana yupo, na wengi wanamhesabu ni binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Mtu aliyekuwa anang'arishiwa viatu! Hajui mpaka leo.

Kwahiyo kulikuwa na mambo mawili ya kutuliza, kamera na mtu. Kamera ikapewa miguu mitatu, na mtu kule kwenye studio za Ulaya na Marekani akawekewa chuma nyuma ya shingo, kina stendi yake chini, kinamshika kichwa kisiyumbe. Kwenye picha za zamani sana ukiangalia vizuri nyuma ya miguu ya mtu utaona kitako cha hiyo stendi kimetokeza.

Na kwanini mitatu, siyo minne? Hapa wala hatuhitaji kwenda Ulaya, bibi zetu walijua. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga ni matatu kila jikoni kuanzia Kyela mpaka Mafinga. Ukiweka vitu vitatu chini, hata ardhi iwe na mabonde vipi, vyote vitagusa. Ukiongeza cha nne kimoja kitaning'inia, ndo maana meza ya nyumbani inatikisika unaweka karatasi chini ya mguu na kigoda cha miguu mitatu cha babu hakijawahi kutikisika tangu kichongwe.

Karibuni wadau, mwenye la kuongeza aongeze.

Mdau wa Mafinga

Mkuu pole sana kwa msiba. Uzi mzuri ila niulize, simu za siku hizi si zina kile kitu cha kuzuia mtikisiko? Mi napiga usiku kwa mkono na picha zinatoka safi tu, sioni haja ya kubeba stendi.

Mleta uzi

Nimepoa mkuu. Swali zuri. Chukulia mwanga ni maji ya bomba na kamera ni ndoo. Mchana bomba linatoka kwa nguvu, ndoo inajaa hapohapo, hata ukiwa umeishika mkononi hakuna shida. Usiku bomba linadondosha tone tone, inabidi usubiri, na muda wote huo ukitikisika maji yanamwagika pembeni, ndo ule ukungu kwenye picha. Simu inachofanya ni kuchota vikombe vingi vidogo haraka haraka alafu kuvijumlisha. Inasaidia kweli. Lakini weka simu hiyohiyo kwenye stendi uone, simu nyingi zikihisi zimetulia zinakubali kusubiri sekunde nyingi zaidi na picha inakuja na vitu ambavyo kwa mkono hukuviona.

Kwa wenye kamera kuna kanuni ya zamani, spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) isiwe chini ya 1 kugawa kwa urefu wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya 50 usishuke chini ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde, lenzi ya 200 usishuke chini ya 1 ya 200. Ukishuka hapo mkono unaanza kusema. Maporomoko ya Kaporogwe ukitaka maji yaonekane kama pamba unahitaji nusu sekunde mpaka sekunde 2, hapo hakuna mkono wa mtu.

Mdau wa Iringa (mpima ardhi)

Kamwene wakuu. Mimi siyo mpiga picha ila miguu mitatu nimeibeba begani maisha yangu yote ya kazi kwahiyo niruhusuni. Nyie mnaitumia picha isitikisike, sisi tunaitumia pembe isidanganye. Ukiweka theodolaiti, kile kifaa cha kupimia pembe, juu ya tripodi unaning'iniza timazi katikati ipige kwenye msumari chini, alafu unacheza na miguu mpaka kipovu kikae katikati, ndipo unasoma. Kosa dogo pale mguuni, kule mlimani kilomita 20 umeshamhamishia mtu shamba.

Nataka niwape kitu cha huku kwetu. Kimondo cha Mbozi wenyeji walikuwa wanakijua, ila dunia ya nje ilikipata mwaka 1930 kupitia mpima ardhi, W. H. Nott, aliyetokea Johannesburg. Watu kama hao ndio walikuwa wanapita porini na miguu yao mitatu wakipima.

Na kuna mwingine, Martin Hotine, mwanajeshi mpimaji wa Uingereza. Kati ya 1931 na 1933 alikuwa hapa Tanganyika kwenye kazi ya kupima mstari wa meridiani (longitudo) ya 30, ile safu ndefu ya vilele iliyoanzia Afrika Kusini kuja kaskazini. Aliporudi kwao akabuni nguzo ya zege ya kuwekwa vileleni, kifaa unakiweka juu ya nguzo moja kwa moja, upimaji mpya wa Uingereza ukaanza nazo mwaka 1936. Zile nguzo zinajulikana kwa jina lake mpaka leo. Mi nikizifikiria naona ni mtu aliyechoka kupambana na tripodi kwenye upepo wa milimani, na upepo wa huku anayeujua anajua.

Mleta uzi

Mkuu umenifungua kichwa. Kimondo nimekipiga picha mara tatu nne na sikuwahi kujua aliyekitangaza alikuwa mtu wa tripodi. Asante sana.

Mdau wa Tukuyu

Kwetu ukutani kuna picha ya babu, kasimama mikono kaibana pembeni, kakaza uso kama amegombana na mtu. Bibi alikuwa anasema babu alikuwa mcheshi kuliko watu wote pale kijijini. Sasa mbona kwenye picha yuko vile? Nimesoma ile habari ya chuma shingoni nikaikumbuka hiyo picha.

Mleta uzi

Hii naijibu kwa urefu kidogo mana ndo kiini cha huu uzi kwangu.

Mwanzoni ilikuwa ni dakika, kucheka dakika nzima hakuna anayeweza, mdomo unaanza kutetemeka. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaleta njia ya kioo kilichopakwa dawa, muda ukashuka mpaka sekunde chache kwenye mwanga mzuri, ila kile kioo lazima kipigwe na kisafishwe kikiwa bado kibichi, dawa ikikauka kazi imeharibika. Kwahiyo mpiga picha alitembea na tripodi, kamera kubwa, vioo, chupa za dawa na hema la giza. Roger Fenton alipoenda vita ya Crimea mwaka 1855 alikuwa na gari zima la farasi alilogeuza chumba cha giza. Huku kwetu John Kirk, yule aliyekuja kuwa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alikuwa anapiga picha kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858, msafara huohuo ndo uliofika ziwa Nyasa mwaka 1859. Fikiria kubeba vioo na dawa kwenye lile joto la mto Zambezi.

Ilipofika 1888 Mmarekani George Eastman akatoa kamera ya Kodak ya mkanda, unashika mkononi unabonyeza. Mwaka 1925 ikaja kamera ya Leica, ndogo inaingia kwenye koti, ndo ikawatoa wapiga picha barabarani wakakimbia na matukio. Lakini studio za mijini kwetu hazikufuata hiyo haraka, mwanga ulikuwa wa dirisha au taa mbili, mikanda ya zamani ilikuwa mizito kupokea mwanga, kwahiyo kamera ilibaki kwenye miguu yake na mteja aliambiwa tulia, usipepese. Mtu kavaa koti la kuazima, katembea kutoka kijijini, picha ni moja tu ya maisha, alafu anaambiwa tulia. Anatulia haswa. Babu yako hakukasirika mkuu. Alikuwa anaisaidia ile tripodi kufanya kazi yake. Na ilishakuwa heshima pia, picha ni jambo la kuvalia uso.

Mamdogo anasema bamdogo alikuwa na namna yake, akishabonyeza haondoki, anabaki palepale anamtania mteja mpaka acheke, alafu anamwambia haya nenda. Kile kicheko hakikuingia kwenye mkanda.

Mdau wa Makambako

Tupe maujuzi mkuu, nataka kununua tripodi, bajeti yangu ndogo. Na nina safari ya Kitulo.

Mleta uzi

Kwanza usifanye nilichofanya mimi. Mwaka juzi nilinunua stendi duka moja mjini, muuzaji ananiapia ni imara inabeba kilo 5. Sendofu, ukumbi umejaa, bibi harusi anaingia, kile kiungo cha plastiki pale juu kikakatika na kamera ikaenda chini kwenye saruji uso kwa uso. Lenzi ilipasuka. Niliumia siyo kwa lenzi tu, familia ile haina video ya binti yao akiingia na hakuna namna ya kuirudisha. Kwahiyo ukiwa dukani ivute miguu yote, kandamiza juu kwa viganja vyote viwili kwa uzito, izungushe. Ikijipinda kama jani la mgomba achana nayo. Angalia pale shingoni na kwenye vifungio, chuma au aluminiamu, plastiki hapana. Ya aluminiamu nzito iliyotumika ni bora kuliko mpya nyepesi ya plastiki. Zile za kaboni ni nyepesi na ngumu, kampuni ya Gitzo ndo walizianzisha mwaka 1994, ila bei yake tuwaachie wenye nazo.

Kitulo sasa. Pale uwandani ni juu ya mita 2,600, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005. Maua yanaanza Novemba mpaka Aprili na hapo ndo penye mvua pia, kwahiyo funika kamera. Upepo haukuulizi. Vuta miguu minene kwanza, ile myembamba ya chini iache mpaka ulazimike, na ile nguzo ya katikati usiipandishe kabisa, ukiipandisha umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Ning'iniza begi lako pale chini katikati, ila liguse ardhi kidogo, likining'inia hewani upepo unalifanya kengele. Kwenye mteremko miguu miwili iende upande wa chini, mmoja juu. Kama kamera yako ina kizuia mtikisiko kizime, mana kikikosa mtikisiko baadhi vinatengeneza wa kwao. Alafu usibonyeze kwa kidole, weka taima ya sekunde 2.

Ukilala huko Juni au Julai, andaa makoti mana kunaganda barafu kwenye majani, lakini anga lake sijaona pengine. Lenzi pana ya 20, gawa 500 kwa 20 unapata sekunde 25, huo ndo muda wa juu kabla nyota hazijaanza kuvutika kuwa mistari. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilisimama pale gizani nahesabu, mikono imekufa ganzi, ile picha ilipotokea kwenye kioo nikakaa chini kwenye majani nikaiangalia tu. Macho yangu hayakuwa yameona hata nusu ya zile nyota.

Mdau wa Tukuyu

Mkuu ile picha ya babu imeanza kutoka madoadoa na imeshikana na kioo cha fremu. Jirani yangu kaniambia niipeleke ikaskaniwe mjini, naogopa kuibandua.

Mleta uzi

Usiibandue! Ukivuta, sura ya babu inabaki kwenye kioo, nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye msiba wa watu. Hapa ndo tripodi inaingia tena.

Fanya hivi. Asubuhi au siku ya mawingu, meza karibu na dirisha, siyo juani. Laza fremu mezani, kamera kwenye tripodi iangalie chini, au kama haigeuki vizuri simamisha fremu ukutani na kamera mbele yake. Sasa chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kibandike bapa juu ya fremu katikati, chungulia kwenye kamera. Ukiona lenzi yako mwenyewe iko katikati ya kile kioo, basi kamera na picha viko sambamba, pembe zote zitatoka sawa. Toa kioo. Flashi zima. Kwasababu ya kioo cha fremu utaona dirisha na uso wako vinaakisi, chukua kitambaa cheusi, khanga nyeusi hata blanketi, kitoboe tundu la lenzi, kining'inize mbele ya kamera ukae nyuma yake. Vyote vinapotea. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) weka 100, tundu la lenzi lifunge mpaka f/8, shata itakuja labda nusu sekunde na haina neno kwasababu haushiki kitu. Taima sekunde 2. Piga kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, yale madoa ya kahawia mtu wa kurekebisha anayatumia kuyatenga. Kama kuna picha zisizo na fremu geuza nyuma piga pia, wazee waliandika tarehe na majina huko nyuma.

Na kabla hujakunja stendi mwite bibi au mzee yeyote aliyebaki, umuulize nani ni nani, kuanzia kushoto, uandike. Picha nyingi za Watanganyika zimekaa kwenye makumbusho huko nje, kama zile za Walther Dobbertin wa enzi za Mjerumani zilizoko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, na kwenye nyingi sura zipo safi kabisa ila mtu hana jina. Hizi za kwetu majina bado yapo vinywani mwa watu, lakini siyo kwa muda mrefu.

Mdau wa Tukuyu

Nimekuelewa. Bibi mdogo wake babu bado yupo Masoko, Jumamosi namfuata.

Mleta uzi

MREJESHO wakuu, najua uzi umekaa wiki mbili.

Mamdogo alinifungulia sanduku la bati la bamdogo. Nimesimamisha ile tripodi ya mbao sebuleni, nikaipachika kamera yangu ya sasa kwa kipande cha mbao nilichotoboa, na imeshika. Nimepiga picha 63 kwa siku mbili, mamdogo amekaa pembeni ananitajia majina, akisahau anapiga simu Kyela kuuliza.

Karibu na chini ya sanduku kuna moja ya mraba, familia imepangwa mbele ya nyumba ya tofali, nyuma migomba, jua la jioni liko mgongoni kwa mpiga picha. Bamdogo hayupo kwenye picha hata moja kati ya zile 63. Lakini kwenye hii, pale chini mchangani karibu na miguu ya watoto, kuna kivuli. Miguu mitatu imetanuka, na juu yake kivuli cha mtu kainamisha kichwa anachungulia kwenye kamera. Mamdogo aliiangalia muda mrefu, akaweka kidole pale kwenye kivuli akaniambia, andika na jina lake.